Bandia kwa Asilimia Themanini na Saba

Chumba cha kompyuta, kazini kwangu
Jumamosi asubuhi

Kwako kaka yangu,

Pokea salamu zangu, hata kama mikono yako haina hamu ya kuzipokea. Hali yako vipi? Najua swali hilo limekuchosha, kila anayeingia hapo kwako anaanza nalo, lakini mimi nataka jibu lenyewe, si lile la heshima. Miguu bado inavimba? Chakula kinapita? Kwenye ile mashine ya kusafisha damu bado unakwenda mara tatu kwa wiki, au wameongeza? Wifi hajambo? Watoto je, wanasoma au wanacheza tu? Mimi huku mwili mzima, nashukuru. Hayo mengine utayakuta humu ndani.

Barua hii nimempa shangazi mkononi, na nimemwapisha asinyanyuke hapo kitini mpaka umeimaliza. Nimeiandika kwa kalamu kwa sababu simu hupokei na ujumbe ukifika unaufuta. Mwezi uliopita nilikuja mwenyewe, nadhani unajua. Wifi akanijibu getini kwamba umelala, na mimi nikawa nakuona dirishani umesimama, umeshika pazia. Sikukulaumu hata kidogo. Tangu tuzaliwe umeniomba jambo moja tu, nije nipimwe kama figo yangu inaweza kukufaa, nami sikukujibu hata neno moja. Ningekuwa wewe ningefungulia mbwa.

Ila nakuomba usiichane. Hospitali kuu wanakutafuta, wanakutaka ufike tarehe ishirini, na shangazi ananiambia umewaita matapeli. Kaka, ukiikosa tarehe hiyo sijui tutaipata lini nyingine, na wewe mwili wako haujui kusubiri. Nataka uende. Lakini kabla hujaenda nataka ujue nilichokufanyia, kwa hiyo nivumilie, maana habari yenyewe inaanzia mbali, inaanzia na ujinga wa watu wengine kabla ya kufika kwenye wangu.

Kazi yangu unaijua kwa jina. Nimeajiriwa na shirika la maji kama ofisa usalama wa mtandao, cheo kirefu kwa mtu anayekaa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mita mbovu. Mpaka leo kinanuka grisi, na dirisha lake linatazama uwanja wa pampu. Kazi ni kuzuia watu mia tatu na arobaini wasimfungulie mlango kila mwizi anayebisha hodi kwa njia ya kompyuta. Utasema ni kazi rahisi. Thubutu! Dada wa mapokezi aliliandika neno lake la siri kwenye kipande cha boksi akakibandika juu ya skrini, wateja wote wanalisoma wakiwa kwenye foleni. Nikamgombeza, akakitoa. Wiki iliyofuata nikalikuta limeandikwa ukutani kwa penseli, na akanieleza kwa uso mkavu kwamba ukutani si kwenye kompyuta.

Huyo angalau hana shahada. Tuna mhandisi wa pampu mwenye shahada tatu, zote kazitundika ukutani zikiwa na fremu. Alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kwamba anatoka makao makuu ya kompyuta. Makao makuu ya kompyuta, kaka! Msomi mzima akamsomea yule mtu zile tarakimu sita za siri zilizoingia kwenye simu yake, moja baada ya nyingine, na mwisho akamuuliza kama amezisikia vizuri au azirudie. Siku mbili tulishindwa kuingia kwenye mitambo yetu wenyewe. Alipokuja kwangu hakuja kuomba radhi, alikuja kuniuliza hayo makao makuu yako mtaa gani ili akawalalamikie.

Juu ya hao wote yuko mkurugenzi, ambaye wafanyakazi wanamwita Bwana Asilimia. Hajui tofauti ya kompyuta na televisheni, lakini umpe namba yenye alama ya asilimia mbele yake, anatulia kama mtoto aliyepewa ziwa. Kwa ajili yake nilianzisha zoezi la mtego. Kila mwezi natunga ujumbe wa uongo, wa kitapeli kabisa, nawatumia wafanyakazi wote bila kuwaambia. Atakayebofya anahesabiwa, jina lake linabandikwa ubaoni karibu na kantini, na Jumatano anakuja darasani kwangu kufundwa. Ubao ni wazo langu, sikushauriwa na mtu. Nilikuwa nikipita pale saa ya chakula makusudi, nikawaangalia wakitafuta majina yao kwa kidole, na moyo wangu ulikuwa unaburudika. Nakuambia ukweli kwa sababu leo nimekaa kuusema.

Zamani tapeli ulikuwa unamjua kwa Kiswahili chake. Anakuandikia akaunti yako imekuwa imefungwa, mpendwa mteja bonyeza haraka sana, unacheka, unafuta, unaendelea na chai yako. Siku hizi wana akili bandia. Mwizi asiyejua hata kuandika jina la mama yake anaiambia mashine anachotaka, nayo inamwandikia barua iliyonyooka kuliko za mkurugenzi wetu. Basi nami nikajitia ubingwa. Nikatunga kanuni yangu: ujumbe ukiwa umenyooka mno, una adabu mno, unatoka namba usiyoijua na una haraka, huo ni wa mashine, usiuguse. Bwana Asilimia aliipenda kanuni hiyo mpaka akaichapisha kwenye mabango, moja kila ghorofa, na jina langu chini. Nilipiga picha pembeni ya la ghorofa ya kwanza. Nilikuwa nimevimba kichwa, kofia isingenitosha.

Halafu akaletwa mshauri. Huyu ni kijana wa viatu vilivyochongoka, anaongea huku anatembeatembea, na kila sentensi anaianza kwa kusema kwamba dunia imebadilika. Alikuja kutuonyesha hatari ya sauti za kughushi. Asubuhi alimrekodi mkurugenzi akisalimia, sekunde kumi tu. Baada ya mapumziko ya chai akampigia mtunza stoo kwa sauti ya mkurugenzi, yenyewe kabisa, ile ile na kikohozi chake, akamwamuru alete funguo zote za pampu ukumbini mara moja. Mtunza stoo akaja mbio, jasho linamtiririka, shada la funguo mikononi, akamkuta mkurugenzi mwenyewe kakaa hana habari. Ukumbi mzima tukavunjika mbavu. Yule mzee ameitii sauti ile miaka kumi na minane bila kukosea hata siku moja, na siku hiyo ikamfanya kichekesho. Alisimama pale katikati hajui aziweke wapi zile funguo.

Baada ya kutuonyesha ugonjwa, mshauri akatoa dawa. Alikuwa na programu inayosikiliza sauti ya mtu na kukuambia kama ni ya kweli au bandia, na jibu linatoka kwa asilimia. Si unajua tena. Mkurugenzi nusura alie kwa furaha. Tukawekewa ile programu siku hiyo hiyo, kwenye kompyuta yangu.

Sasa naingia kwako, kaka.

Ujumbe wako ulifika Jumatatu nikiwa mezani. Namba ngeni. Ulianza kwa kuniita ndugu yangu mpendwa, ukatumaini kwamba ujumbe umenikuta nikiwa na afya tele, ukasema unaniandikia kwa moyo mzito. Uliniita kwa majina yangu yote matatu, kama hakimu. Ukanieleza kwamba figo zako zote mbili zimeacha kazi, kwamba daktari anashauri atafutwe ndugu wa damu, na ukamalizia kwa kunisihi nizingatie kwamba muda ni mfupi. Kaka, wewe? Wewe uliyekuwa ukiniandikia maneno matatu, uko wapi, nipigie, basi? Wewe ambaye tangu nipate akili hujawahi kuniita jina lolote zaidi ya Mchokozi? Nilipiga namba yako ya zamani, haipatikani. Nikajiambia wamemwibia simu, na sasa wanaanza kuwapukutisha ndugu zake.

Ningeweza kumpigia shangazi. Dakika mbili tu. Tulikuwa hatujaongea mimi na wewe miezi minane, nilikuwa sijui hata kama unaumwa, na mtu mwenye akili timamu hapo angeuliza. Sikuuliza kwa sababu mimi nilikuwa najua. Ndivyo ilivyo kwa mtu anayejua, hana haja ya kumsumbua mtu. Ni juzi tu shangazi aliponieleza kwamba mikono ilikuwa inakutetemeka huwezi kuandika, kwamba simu ya zamani ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maji, na kwamba ulikuwa unaiongelea simu mpya kwa mdomo, yenyewe inaandika, halafu wifi akabonyeza pale inapouliza kama unataka maneno yako yapangwe vizuri. Ikayapanga. Ikakutoa wewe mzima mzima ikaweka adabu.

Siku ya tatu ukatuma sauti. Dakika moja na nusu. Sauti nzito, inakwaruza, na kila baada ya maneno mawili unatafuta pumzi. Nilipoisikia mara ya kwanza nilinyanyuka kitini, sikufichi. Damu ilijua kabla yangu. Lakini mimi ofisa mzima nitasikiliza damu? Nikaichukua ile sauti nikaiingiza kwenye programu ya mshauri. Ikazungukazunguka, ikatoa jibu kwa maandishi mekundu: bandia, asilimia themanini na saba. Nikamwita mshauri aje aone. Akapiga makofi, akasema hii ni mali safi, akanionyesha na kalamu pale ambapo pumzi inaingia mahali pasipo pumzi, eti mashine bado haijajua binadamu anapumua vipi. Ulikuwa na maji kwenye mapafu, kaka, na yule mpuuzi alikuwa ananifundisha binadamu anavyopumua, nami natikisa kichwa naandika kwenye daftari.

Asilimia kumi na tatu zilizobaki sikuziuliza zilikuwa za nani. Nikaifungia namba yako isinifikie tena.

Shangazi anajua mpaka hapo. Anaona ni bahati mbaya, na alitaka aje akueleze mwenyewe ili yaishe, mkumbatiane, mlie, mle chakula. Nikamkataza. Kuna kilichofuata ambacho yeye hakijui, na mtu pekee anayestahili kukisikia kwanza ni wewe.

Mtego wa mwezi ule niliutengeneza kwa ujumbe wako. Sikuongeza kitu, ulikuwa umekamilika. Nilitoa majina yangu tu, nikaweka kwamba anayeandika ni kaka wa mfanyakazi mwenzetu, na chini nikaweka mahali pa kubofya kwa yeyote aliye tayari kwenda kupimwa. Nikautuma kwa watu wote mia tatu na arobaini. Walibofya sitini na mmoja. Bwana Asilimia alinijia mbio mpaka chumbani kwangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaniambia asilimia kumi na nane ni rekodi, mtego bora kuliko yote ya mwaka. Nami nikajipiga kifua.

Jumatano walijaa ukumbini. Mtunza stoo alikuwepo, dada wa mapokezi alikuwepo, mhandisi na shahada zake alikuwepo, na mama mmoja karani wa masjala, anakaribia kustaafu, miwani yake imefungwa uzi. Niliuweka ujumbe wako ukutani kwa projekta nikaupasua mstari kwa mstari. Hapa anakutia huruma. Hapa anakuharakisha. Nikawawekea na sauti yako kwenye spika kubwa, nikawa naisimamisha kila unapotafuta pumzi, nawauliza mnasikia? Wakacheka. Na mimi nilicheka, nikawaambia huyu mwizi amesahau hata kuifundisha mashine yake kupumua. Karani wa masjala akanyoosha mkono akauliza, je, kama kweli ni mgonjwa? Nikamjibu mbele ya watu wote kwamba kama anataka kuwa mama wa wagonjwa wote duniani basi aombe kustaafu mapema. Wakacheka zaidi. Yeye akavua miwani akaifuta.

Sasa kaka, kaa vizuri. Shangazi amenisimulia kuhusu zile simu. Kwamba baada ya kuniandikia mimi, wiki nzima watu usiowajua walikuwa wakikupigia kukutukana. Mmoja alikuita mwizi wa huruma. Mwingine alikuuliza figo unauzaje kwa kilo. Mwanamke mmoja alikuambia si ufe tu tupumzike. Anasema hukujua umewakosea nini, ukadhani ugonjwa wako umegeuzwa gumzo la mji mzima, watu wanakaa wanapeana namba yako ili wakucheke. Ukazima simu siku nne, na tangu ulipoiwasha huamini sauti ya mtu.

Walikuwa wanafunzi wangu. Mimi ndiye niliyewatuma.

Mwisho wa darasa lile niliiandika namba yako ubaoni, yote, kwa wino mweusi. Nikawaambia watoe simu zao waiandike. Nikawapa kazi ya nyumbani, nikaiita zoezi la ujasiri: kila mmoja ampigie mwizi huyu amwambie anachostahili, maana tukiendelea kuwaogopa hawatakoma. Jumatano iliyofuata nikawataka waeleze walivyomtolea uvivu. Aliyeuliza bei ya kilo ni mhandisi. Alisimulia huku akikuiga unavyokohoa, ukumbi ukaanguka kwa kicheko, na mimi nikampigia makofi nikasema huyo ndiye amehitimu. Hayo makofi nayasikia mpaka sasa hivi nikiwa naandika. Hakuna aliyenishika mkono. Hakuna mashine iliyonidanganya pale. Hata kama ungekuwa mwizi kweli, kaka, mtu anayehema vile hatumiwi watu sitini wakamzomee, na mimi niliwatuma.

Karani wa masjala hakupiga kutukana. Alipiga Jumamosi, baada ya Jumatano hiyo ya pili, kukuomba radhi iwapo u mgonjwa wa kweli. Utamkumbuka, ndiye pekee aliyekupa pole. Anasema ulimuuliza kama naye amepewa namba na wenzake. Alikuuliza kama huna ndugu. Ukamwambia unaye mmoja, mdogo wako, unamwita Mchokozi kwa sababu akiwa na miaka sita aliifumua redio ya baba kwa kisu cha jikoni akimtafuta mtu anayesoma habari. Ukasema siku hizi anafanya kazi za kompyuta, hajajibu, labda ana kazi nyingi.

Labda ana kazi nyingi. Kaka, ulinitetea.

Jumatatu yule mama aliingia chumbani kwangu, akafunga mlango, hakukaa. Aliniuliza swali moja, kama utotoni niliwahi kufumua redio. Nikacheka, nikasema ndiyo, nani kakuambia? Akaniambia ni nani. Alisimama akiwa ameshika kitasa mpaka nilipokaa chini kwenye sakafu, halafu akaenda kuniletea maji.

Siku hiyo hiyo nilimwambia mkurugenzi kila kitu. Unajua alichoniuliza? Aliniuliza kama basi wale sitini na mmoja waondolewe kwenye hesabu, maana kama ujumbe ulikuwa wa kweli basi hakuna aliyedanganyika, na asilimia ya mwezi itashuka hadi sifuri, na itapendeza kwenye ripoti. Mshauri yeye alisema programu yake haikukosea, ilitoa asilimia themanini na saba, haikutoa mia. Jumatano nilisimama mbele ya wale wale watu nikawaambia yule mwizi ni kaka yangu, tumbo moja. Mhandisi alitoka nje. Baadaye nilimkuta kwenye uwanja wa pampu amekaa juu ya bomba, ananiuliza afanye nini, mtu wa shahada tatu. Nikakaa naye pale, maana mimi ndiye niliyempa kazi ile. Ubao wa kantini niliung'oa mwenyewe, na mabango yangu yote, ghorofa kwa ghorofa.

Na nilipowauliza wale sitini na mmoja kwa nini walibofya, nikapata la kunimaliza. Nilidhani ni ujinga, miaka yote nimekula mshahara nikidhani ni ujinga. Dada wa mapokezi alisema alisoma akaona mtu anaumwa, akataka kupimwa. Mtunza stoo vivyo hivyo. Hata mhandisi, kabla sijamfundisha kukutukana, alibofya kwa sababu alitaka kupimwa. Watu sitini na mmoja wasiokujua walikuwa tayari kukupa kiungo cha mwili wao, kaka. Mimi wa damu yako ndiye niliyewafunga midomo na kuwageuza.

Kuna ujumbe wa hospitali kuu umekuja kwako mara tatu. Namba ngeni, maneno yamenyooka, una adabu, na mwisho unakusihi uzingatie kwamba muda ni mfupi. Unasema mtoaji amepatikana, ufike. Mara tatu umeufuta. Hata muuguzi wa pale kwenye mashine alipokuambia uipigie ile namba, ulimjibu kwamba naye wamemdanganya. Siwezi kukulaumu, umefanya kila kilichoandikwa kwenye mabango yangu. Lakini ujumbe ule ni wa kweli, kaka. Mtoaji ni mimi. Nimepimwa wiki sita, damu, mkojo, moyo, mpaka wakanipeleka kwa mtu wa kunihoji kama nina akili timamu, na kila jibu limerudi zuri. Tunalingana. Kilichobaki ni wewe kufika na kutia sahihi.

Ni tarehe ishirini, saa mbili asubuhi, jengo la nyuma, ghorofa ya pili, dirisha la usajili. Wifi akusindikize, mbebe kitambulisho na faili la kwenye mashine. Usiniamini mimi, sina haki ya kuaminiwa. Shangazi nimempeleka kwa daktari mwenyewe, amekaa naye, amemwona kwa macho yake. Muulize yeye, yuko hapo mbele yako. Na ukiona huwezi kuniangalia, usiniangalie. Nimeomba tulazwe vyumba tofauti. Ichukue figo, halafu ukitaka usiniongeleshe mpaka tunaingia kaburini, hiyo ni haki yako na wala sitakuja getini tena kukusumbua. Ila usikatae kwa ajili yangu. Sistahili wewe ufe kwa kunikasirikia.

Nisalimie wifi, umwambie pale getini alifanya vizuri. Wanangu hao wawili wabusu vichwani, mkubwa mwambie shangazi yake anamuulizia. Shangazi wa kwetu mpe chai, amesafiri na barua hii kifuani, na usimkasirikie, hakujua alichobeba. Yule karani anakusalimu. Anasema kila siku anakuombea, na ameniomba niandike hivyo hivyo. Mungu akupe nguvu ya kufika tarehe hiyo.

Nitakuwa pale kuanzia saa moja. Ukija, huna haja ya kusema kitu. Pumua tu, nitakujua.

Ni mimi, mdogo wako, tumbo moja